Insha Saba za Riziki

Nyinyi mliobaki pale shuleni mmeniomba niandike juu ya miaka yangu ya kufundisha Kiingereza, na mmenitengea kurasa chache katika jarida lenu. Nimeanza mara tatu nikachana mara tatu, maana kila nikianza najikuta naandika kama mtu anayeomba kazi. Vyeo nilivyopewa vimo kwenye faili, anayevitaka akavitafute huko. Mimi nitawaeleza darasa moja la kidato cha nne, miaka ya tisini ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza, na kosa moja nililolifanya ambalo bado linaniudhi.

Nilihamishiwa kisiwani kutoka shule ya bara, karibu na kwetu Mariakani. Mimi ni Mduruma. Nilifika Mombasa na sanduku moja, kamusi iliyopoteza jalada, na Kiingereza nilichokipata kwa kumwiga mtangazaji wa redio. Nikapanga chumba Tononoka. Siku ya kwanza shuleni nilikaribishwa na mashine ya stensili, ambayo wengi wenu hamkuikuta na hamjui mmeepukana na nini. Ulipiga chapa juu ya karatasi ya nta, ukaivisha kwenye pipa, ukazungusha mkono wa mashine, na wino ukagawanyika kwa haki kati ya mkono wako, blauzi yako, na mara mojamoja karatasi. Niliingia darasani nikiwa mweusi wa wino mpaka kiwiko. Wasichana arobaini na mmoja wakasimama wakanisalimu kwa sauti moja. Hata pumzi walizivuta pamoja. Nilidhani ni adabu. Baadaye niligundua kuwa ndivyo walivyofanya kila kitu.

Insha ya kwanza niliyowapa ilikuwa juu ya siku wasiyoweza kuisahau. Jumamosi asubuhi nikaketi na rundo la madaftari na kalamu nyekundu mpya. Insha ya kwanza ilianza na jua: miale yake ya dhahabu ilipenya pazia, ndege wakaimba, mwandishi akapiga miayo akajinyoosha. Sawa. Ya pili nayo ilianza na jua. Ya tatu vilevile, na ndege walikuwa walewale. Nilipofika ya kumi nikaacha kusoma aya za mwanzo. Katika insha tatu mwandishi alijifunika blanketi zito kwa sababu ya baridi kali ya alfajiri. Huo ulikuwa mwezi wa pili. Asiyejua joto la Mombasa la mwezi wa pili angekuja alale chumbani kwangu.

Kumbe lilikuwapo daftari moja lililofunikwa gazeti, lenye insha kumi na mbili, ambalo dada mkubwa alimrithisha dada mdogo, wakazihifadhi kama jedwali la kuzidisha. Nilipouliza ni la nani, darasa zima likaangalia feni iliyo darini. Feni hiyo haikuwa ikizunguka, wala haikuwahi kuzunguka miaka yote niliyokuwa pale.

Nikaenda kwa mkuu wa idara yetu, Mwalimu Athman. Alikuwa mzaliwa wa Mji wa Kale, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, shati lake limepigwa pasi hata kwenye kola ya ndani isiyoonekana. Alikusalimu mpaka ukasahau ulichokijia: hali yako, hali ya nyumbani, mama hajambo, mvua imenyesha Mariakani au bado. Kisha akasema, "Haya, wataka nini?" Nikamweleza habari za jua. Hakucheka. Aliniambia jua hilo lilikuwa likichomoza katika shule ile kabla yeye hajafika, na kwamba wakaguzi wote waliopita walilifurahia.

"Insha husahihishwa kwa sikio kwanza," akasema. "Isome kwa sauti, uulize, anenaye hapa ni nani? Ukiona hapana mtu, rudisha daftari."

Ushauri huo ndio chombo bora cha kazi nilichowahi kupewa, na haukuchafua blauzi. Nikarudisha madaftari yote arobaini na moja. Nikawaambia kila mmoja aandike juu ya mtu mmoja wa nyumbani kwao, jinsi anavyosema yeye na si mwingine. Mikono ikainuka. "Mwalimu, hili litatoka kwenye mtihani?" Muhula ule niliulizwa swali hilo mara nyingi hata nikawa nalisikia nikichota maji. Mzazi mmoja wa Kizingo, mtaa wa wenye pesa, aliingiza gari lake mpaka mlangoni pa majilisi ya walimu, akataka kujua kwa nini binti yake, aliyeletwa kujifunza Kiingereza, anatumwa kumsikiliza mtunza bustani. Nilimjibu kwamba katika insha ile mtunza bustani ndiye peke yake aliyekuwa amesema kitu. Hakufurahi. Mwalimu mkuu alipopata habari naye hakufurahi, tena kuliko huyo.

Nimtendee haki mwalimu mkuu. Alikuwa mama mkavu, mwenye kuamini wastani wa alama kuliko alivyoamini utabiri wa mvua. Lakini alikuwa ameshuhudia wasichana wengi wakiondolewa shuleni kwa sababu matokeo yalitoka mabaya na nyumbani wakaona heri waolewe. Alama kwake zilikuwa ukuta wa kuwakinga. Mimi nilikuwa nikija kuubomoa ukuta wake kwa ajili ya mtunza bustani.

Miezi ikapita hivyo. Nikirudisha madaftari, jua likipungua kidogo, likirudi. Halafu mwanzoni mwa muhula wa tatu, zikaja insha saba.

Sijui niwaelezeje. Moja ilikuwa ya bibi anayebishana na muuza samaki mlangoni. Nyingine ya mlinzi wa Kizingo. Nyingine ya shangazi wa bibi harusi anayesimamia jiko. Watu saba, kila mmoja na ulimi wake, ndani ya Kiingereza kilichopinda kikakubali kusema kama wao. Nilizisoma kwa sauti chumbani mpaka jirani akabisha kuuliza kama nina wageni. Kesho yake nilimwekea Mwalimu Athman mezani, nikasimama hapo kama mtu aliyejifungua.

Alizisoma zote saba kwa sauti ya chini, bila haraka. Katikati alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu Umazi," akasema, "umefurahi mapema."

Nikamuuliza kwa nini.

"Watu humu ni saba, sikio ni moja. Tazama. Kila mahali mtu akiulizwa neno, hujibu lingine."

Nikatazama. Mlinzi aliulizwa nani ameacha geti wazi, akajibu habari za goti lake. Bibi aliulizwa samaki atamtaka au hamtaki, akamsimulia muuzaji habari za marehemu baba yake. Shangazi aliulizwa na bibi harusi kama ndoa ni jambo la raha, akasema wali umepungua chumvi. Zote saba zilikuwa hivyo.

Mwalimu Athman akanirudishia madaftari mkononi. Alisema aliyeandika hayo anaishi katika nyumba ambayo maswali hayajibiwi, nimtafute, nimuulize polepole, na nisiende kwa mwalimu mkuu kwanza.

Nilienda kwa mkuu kwanza. Hilo ndilo kosa. Ningeweza kusema kanuni za shule zilinilazimu, na hazikunilazimu. Nilikuwa na ghadhabu. Nilikuwa nimejisifu majilisini kwamba darasa langu limepata sauti, kumbe nimepata msichana mmoja na vipaza sauti saba. Kumjua hakukuchukua hata kipindi kimoja. Yule binti wa Kizingo, ambaye nilipaswa kumshuku tangu mwanzo maana hakuwa mtu wa kuzungumza na mlinzi, alinitajia jina kabla sijamaliza swali. Alikuwa Riziki.

Riziki aliketi safu ya pili karibu na dirisha. Alikuwa mpole, daftari safi, anajibu akiulizwa na hasemi asipoulizwa. Nikaitafuta insha aliyoandika kwa jina lake mwenyewe. Ilianza na jua. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira hasa: watu saba amewapa ndimi, na mimi ameniletea miale ya dhahabu.

Mwalimu mkuu aliamua siku hiyohiyo. Wale saba wafagie uwanja wiki nzima. Riziki aende nyumbani, arudi siku za mtihani wa taifa tu, na cheti chake cha kumaliza shule yeye mkuu hatakitia sahihi. Mtihani ulikuwa umebakisha wiki sita, na bila cheti kile, alama zozote atakazopata zisingemfikisha mbali. Riziki hakujitetea. Aliomba tu ruhusa aende akachukue rula na bikari zake dawatini.

Mwalimu Athman hakunigombeza. Kesho yake alinisalimu kwa neno moja akapita. Kwa mtu kama yule, salamu fupi ni adhabu, na niliibeba siku tatu. Ya nne, baada ya vipindi, nikachukua anwani ya Riziki ofisini nikaenda kwao kwa miguu.

Nyumba ilikuwa kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, nyuma ya maduka ya vinyago. Chumba cha mbele chini kilikuwa cha cherehani, na mabuibui yaliyokamilika yalitundikwa ukutani. Aliyekuwa akishona ni Bi Zuhura, mama wa makamo, utepe wa kupimia shingoni. Riziki aliketi nyuma juu ya mkeka akitia pindo kwa mkono. Hakuinua uso.

Tulisalimiana ipasavyo. Nikaletewa kahawa. Kisha Bi Zuhura akauliza bila kusimamisha cherehani, "Mwanangu ameiba nini?"

"Hakuiba, Bi Zuhura. Amewaandikia wenzake kazi zao."

"Basi ametoa. Mwenye kutoa ndiye hufukuzwa?"

Nikamweleza kanuni. Nilieleza kwa urefu, kwa vifungu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Alipochoka kunisikiliza aliniambia yeye Kiingereza hakijui, ila angependa kujua mwanawe ameandika maneno mabaya au mazuri. Nikasema mazuri, mazuri sana.

"Nisomee."

Mkobani nilikuwa na moja, ambayo Riziki alimwandikia msichana jirani, na jirani akadai anayeelezwa humo ni mama yake mdogo. Nikaanza kuigeuza kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi. Ilikuwa ya mwanamke anayeshona na mtoto anayemshikia kitambaa. Mtoto anauliza, mama yangu mzazi alikuwa akiitwa nani? Mwanamke anasema uzi umekwisha, nenda kanunue. Mtoto anarudi na uzi, anauliza mama yake alizikwa wapi. Mwanamke anasema, nyosha kitambaa, kinakunjika. Mtoto ananyosha. Nilikuwa nimeshafika ukurasa wa pili nilipotambua kuwa cherehani imenyamaza. Na mimi nikaendelea kusoma mpaka mwisho, kwa kuwa nilikuwa nimejiona mfasiri hodari, na mtu akijiona hodari huwa kiziwi.

Nilipomaliza, Bi Zuhura aligeuka kwenye kiti. "Maneno haya umeyaandika wewe?"

"Ndiyo, Mama," Riziki akasema.

"Ukampa mtu."

"Ndiyo."

"Kwa nini usiyatie jina lako?"

Riziki alikata uzi kwa meno kwanza. "Ningetia lipi?"

Huko nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni, nasi sote watatu tukausikiliza mpaka ukapita. Kisha Bi Zuhura akaanza kusema, na alisema akinitazama mimi, maana kumtazama Riziki kulimshinda. Alieleza kwamba mama yake Riziki aliingia nyumba ile akiwa msichana, kusaidia kazi, wakaishia kushona pamoja miaka mingi kama ndugu. Alikuwa Mduruma. Akaugua, akarudi kwao, akafa. Bi Zuhura alikwenda mazikoni na kurudi na mtoto mapajani, mdogo wa kubebwa, aitwaye Mbeyu. Jina la Riziki alimpa yeye, kwa kuwa ndivyo alivyomjia. Yeye Bi Zuhura mumewe alikuwa ameshamwacha, na mtoto wa kumzaa hakupata.

"Nikisema, atataka kwenda," akasema. "Akenda, watamtaka. Nalichelea, Mwalimu. Kila mwaka nasema mwakani."

Nikamuuliza alizikwa kijiji gani. Alipokitaja, nilijikuta nimesema kwa Kiduruma, kwa mshangao, kwamba kutoka kwetu ni mwendo mfupi wa miguu. Bi Zuhura akanikodolea macho. Riziki naye akainua uso kwa mara ya kwanza tangu niingie. Nilimwona akiyasikiliza yale maneno kwa makini, na nikaona pia kwamba hakuelewa hata moja.

Jumapili tulikwenda watatu. Kaburi lilikuwa rundo la mawe kando ya shamba la mahindi. Mjomba wake, mzee aliyetokea shambani na jembe bado mkononi, alimtazama Riziki uso mzima, akamtaja mama yake, kisha akauliza kama tumekula. Hilo tu ndilo alilotaka kujua. Hakumdai mtoto, wala hakumlaumu mtu. Riziki alichuchumaa penye mawe muda mrefu. Hakulia pale. Aliyelia ni Bi Zuhura, tena barabarani wakati wa kurudi, na mimi nadhani kilichomliza zaidi ni miaka yote ile aliyoogopa bure.

Jumatatu Bi Zuhura alifika ofisini kwa mwalimu mkuu. Nami niliingia naye, nikasema niliyopaswa kusema mwanzo: kwamba nililipeleka jambo lile kwa hasira kabla ya kumuuliza msichana neno, na kwamba adhabu ikitolewa igawanywe, nami nipewe fungu langu. Mwalimu mkuu alinitazama kama mtu anayetazama stensili iliyochanika. Mwishowe akatoa sharti. Riziki aketi pale ofisini mbele yake, saa moja, karatasi tupu, aandike insha juu ya safari. Kama ndiye kweli mwandishi, itajulikana.

Mimi na Bi Zuhura tuliketi nje kwenye benchi. Aliniuliza mara mbili kama safari ni mada ngumu. Saa ilipotimia nikaitwa, nikapewa karatasi. Insha ilianza kwa kusema jina langu ni Mbeyu, lakini ukiliita katika mtaa wetu hakuna atakayegeuka, na mimi pia sitageuka, maana sijalizoea. Nilisoma hadi mwisho nimesimama. Nilisahau kuisoma kwa sauti. Haikuhitaji.

"Ina makosa matatu ya tahajia," mwalimu mkuu akasema. Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaitia katika mtoto wa meza yake, akafunga kwa ufunguo. "Arudi darasani." Cheti pia alikitia sahihi wakati ulipofika. Ile karatasi niliiomba mara nyingi, mpaka alipostaafu, na hakunipa.

Sasa mtataka kusikia kwamba katika mtihani wa taifa Riziki aliongoza. Hakuongoza. Alipata alama ya kati katika Kiingereza. Binti wa Kizingo alimpita, na wawili wa jua walimpita. Nilikasirika nikaanza kuandika barua kwa wasahihishaji, barua kali ya kurasa mbili, na Mwalimu Athman akaniomba kalamu kwa upole asiirudishe. Alisema msahihishaji anasoma mamia ya karatasi kwa siku, na anapokutana na kitu anachokijua hupumzika, na aliyempumzisha humshukuru. Sikukubaliana naye siku ile, wala sikubaliani naye leo. Na sasa naambiwa wanafunzi wenu huzitoa insha kwenye simu. Sitaki kujua zinaanzaje.

Riziki mwenyewe hakusononeka kama mimi. Aliniletea kaimati alizotumwa na Bi Zuhura, akaniambia anakwenda kukaa kwa mjomba wake miezi kadhaa, kisha atarudi. Nilimwambia atafute chuo, asipoteze wakati. Hivyo ndivyo nilivyomuaga, kwa amri, kama kwamba kengele ilikuwa karibu kulia.

Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea mwisho, ndugu yangu alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba katika mahakama ya Mombasa, nami nikamsindikiza shahidi wetu, bibi mmoja jirani asiyejua Kiswahili cha kutosha hata kuulizia njia. Mkalimani alipoitwa, aliyesimama kando ya bibi alikuwa Riziki, amevaa buibui jeusi lililoshonwa vizuri. Hakimu aliuliza kwa Kiingereza, Riziki akamuuliza bibi kwa Kiduruma. Bibi akajibu kwa kirefu, kwa methali, kwa kikohozi na kwa kumlaani jirani, na Riziki akayasema yote kwa Kiingereza, "mimi" kwa "mimi", bila kupunguza hasira na bila kuongeza adabu. Hakimu aliacha kuandika akamsikiliza. Bibi yule, aliyekuwa akitetemeka tangu asubuhi, aliona anasikilizwa, akanyoosha mgongo.

Kesi ilipoahirishwa, Riziki alinikuta kwenye ukumbi wa nje. Aliniuliza hali yangu, na mama, na mvua ya Mariakani, yote kwa Kiduruma. Akanieleza kwamba Bi Zuhura hajambo, na kwamba macho yake yamepungua nguvu, sasa yeye ndiye anayemtungia uzi sindanoni. Katika sentensi hiyo alikosea mahali pamoja, kiambishi tu, kosa ambalo mtoto wa Kiduruma wa miaka mitano halifanyi.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilitaka kumwomba radhi, maana kwa miaka yote ile sikuwahi kumwomba. Badala yake nikamsahihisha, palepale, watu wakipita na mafaili.

Akacheka, akaishika mikono yangu miwili, akaisema sentensi yote upya, sawasawa.